Mtoto “hasikii”: adhabu kabla ya kipimo

Neno kusikia katika Kiswahili limebeba mzigo wa maana mbili. Mama wa Gatwekera au Laini Saba katika mtaa wa Kibera anapomwambia jirani yake, “Mwanangu huyu hasikii kabisa,” jirani haulizi habari za masikio. Huelewa papo hapo kwamba mtoto ni mkaidi, kwamba ametumwa dukani akaenda kucheza, kwamba ameitwa mara tatu asiitike. Hata wahenga wetu walipotuusia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walikuwa wakizungumzia utiifu. Sina ugomvi na wahenga. Ugomvi wangu ni na sisi tulioirithi lugha hii tukasahau kwamba yupo mtoto ambaye kwake maana ya kwanza ya neno hilo ndiyo ya kweli, na ambaye kila siku huadhibiwa kwa ile maana ya pili.

Wako watoto katika Kibera na Kawangware wafikao umri wa miaka mitatu, minne, hata mitano, bila ya kuweza kuunga maneno mawili yakaeleweka. Wazazi wao si wazembe kama majirani wanavyonong'ona. Aghalabu wamehangaika huku na huko kutafuta dawa. Wameambiwa kwamba wavulana huchelewa kusema kuliko wasichana, basi wakangoja. Wameambiwa kwamba babu ya mtoto naye alichelewa, basi wakangoja tena. Wameelekezwa kwa mkataji wa kimeo, ama kwa yule anayekata utando ulio chini ya ulimi, wakalipa pesa, mtoto akatokwa na damu, na maneno yasije. Katika msafara huo mrefu, mahali pasipofikiwa ni pale ambapo safari ingalifaa kuanzia, yaani masikioni. Kimeo kiko kooni. Lugha huingilia sikioni.

Sababu nyingine inayotolewa, tena na watu waliosoma, ni wingi wa lugha. Kibera ni mtaa wa lugha nyingi tangu asili yake. Wanubi, wazao wa askari wa jeshi la King's African Rifles, waliishi hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na Kinubi chao kingali kinasikika kule Makina. Katika ploti moja mtoto atasikia Kijaluo kwa mama, Kiluhya kwa jirani, Kikamba kwa muuza maji na Sheng kwa kaka zake. Kawangware huongeza Kikuyu juu ya hayo. Mwalimu akimwona mtoto aliyenyamaza huhitimisha kwamba lugha zimemchanganya akili. Lakini uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba mtoto anayesikia vizuri humudu lugha mbili au tatu kwa pamoja bila ya kudhurika. Huenda akachanganya maneno kwa muda, lakini hanyamazi. Mtoto anayenyamaza katika lugha zote tatu hajachanganywa na yeyote, sharti apimwe.

Sikio huanza kazi kabla ya mtoto kuzaliwa. Kufikia takriban juma la 25 la ujauzito, koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio iliyojipinda mfano wa konokono, huwa imekwisha anza kupokea sauti, na ndiyo maana mtoto wa siku chache huitambua sauti ya mama yake miongoni mwa sauti za wanawake wengine. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa kiziwi anakuja duniani akiwa tayari ameachwa nyuma kwa majuma kadhaa. Wazazi hawawezi kulijua hilo, kwa maana mtoto kiziwi naye hulia, hucheka na kugugumia kama wenzake katika miezi ya mwanzo. Tofauti hujitokeza baadaye. Mtoto anayesikia, afikapo miezi sita hadi kumi hivi, huanza kubwabwaja kwa silabi kamili, ba-ba-ba, ma-ma-ma, da-da-da, akijisikiliza na kujirekebisha kama fundi anayejaribu ala yake. Mtoto kiziwi huchelewa mno kufika hapo. Hana cha kusikiliza, na kwa hiyo hana cha kurekebisha.

Mwaka 1991 watafiti wawili waliofanya kazi nchini Kanada, Laura Ann Petitto na Paula Marentette, walichapisha ushahidi kwamba watoto viziwi wanaolelewa na wazazi wanaotumia lugha ya ishara nao hubwabwaja, ila hubwabwaja kwa mikono, na hufanya hivyo katika umri ule ule. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwani ndilo linalovunja hoja nyingi potofu tulizo nazo.

Ziwi kamili, hata hivyo, angalau hujulikana mapema au kwa kuchelewa. Ukimpigia mtoto sufuria nyuma ya kichwa asishtuke, hata bibi asiyejua kusoma atashuku. Adui mjanja zaidi ni upungufu wa kiasi. Mtoto huyu husikia mlango ukibamizwa, husikia honi ya matatu ya nambari 46, husikia muziki wa kinyozi, basi watu husema masikio ni mazima. Anachokikosa ni konsonanti. Hebu msomaji ayatamke maneno haya polepole: saa, taa, kaa, paa, faa. Kinachoyatenganisha ni sauti moja hafifu ya mwanzo. Iliyobaki ni irabu ile ile, yenye nguvu na ya kusikika mbali. Mtoto ambaye sauti hizo za mwanzo hazimfikii huambulia “aa” tu, na maneno matano huwa neno moja.

Isitoshe, Kiswahili kina mtego wake ambao Waingereza hawanao. Lugha yetu huweka maana kubwa katika viambishi vya mwanzo wa kitenzi, na mkazo wa sauti huuweka karibu na mwisho wa neno. Nimempa, sikumpa, hakunipa, watanipa: aliyetoa, wakati, na kama jambo lilitendeka au la, yote hayo yamo katika silabi nyepesi zinazotangulia, ilhali sehemu inayosikika kwa nguvu ni ile iliyo karibu na mwisho wa neno. Mtoto mwenye sikio zito atasikia “-mpa” na “-nipa”, na habari nyingine zitampita. Atajifunza kusema kwa mizizi mitupu, bila ya kukanusha na bila ya wakati. Mwalimu wake atamwita mjinga. Ningependa wataalamu wa isimu katika vyuo vyetu walichunguze jambo hili kwa watoto wa Nairobi, kwa kuwa sehemu kubwa ya elimu tuliyo nayo kuhusu usemi wa watoto wasiosikia vizuri imetokana na Kiingereza.

Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2021 lilikadiria kwamba watoto milioni 34 ulimwenguni wana upungufu wa kusikia unaohitaji kushughulikiwa. Shirika hilo hilo husema kwamba takriban asilimia 60 ya upungufu wa kusikia wa utotoni unatokana na mambo yanayozuilika. Baadhi ya mambo hayo taifa letu limeyakabili kwa sifa: chanjo ya kinga dhidi ya vijidudu vya nimonia iliingizwa katika ratiba ya watoto wa Kenya mwaka 2011, na chanjo ya pamoja ya ukambi na rubela mwaka 2016. Rubela ikimpata mama mja mzito inaweza kumzalisha mtoto kiziwi. Homa ya uti wa mgongo huweza kuharibu koklea kwa siku chache. Umanjano mkali wa mtoto mchanga, kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, yote haya yamo katika orodha. Imo pia dawa ya jentamisini, ambayo huokoa maisha ya watoto wachanga wengi na ambayo hakuna mzazi anayepaswa kuikataa daktari anapoiagiza, lakini ambayo huweza kudhuru uwezo wa kusikia. Kinachopaswa kufuata ni kipimo. Mtoto akiokolewa, apelekwe kupimwa masikio kabla ya familia kurejea kijijini Silanga na kusahau.

Lakini katika mitaa hii hakuna sababu inayoonekana kwa macho kuliko usaha wa sikio. Nyumba za chumba kimoja zinazolaza watu sita, moshi wa makaa, mafua yasiyokwisha, chupa ya maziwa anayopewa mtoto akiwa amelala chali: hayo ndiyo mazingira ambamo uchafu wa koo hupanda katika sikio la kati. Kiwambo hutoboka, usaha hutiririka, na sikio huanza kunuka. Usaha ukidumu kwa majuma na miezi, sauti haipiti inavyopaswa. Na huu ndio umri ambao mtoto angekuwa akikusanya maneno kwa mamia.

Tiba za nyumbani tunazijua sote. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, maji ya kitunguu, maziwa ya mama, majani yaliyosagwa, unyoya wa kuku. Na zaidi ya hayo ipo tiba iliyokuwa na baraka za vitabu vya afya vyenyewe: kulikausha sikio kwa utambi wa pamba au kitambaa, basi. Hapa jirani zetu wa Kiambu waliutolea ulimwengu somo ambalo lingestahili kujulikana katika kila kliniki ya Nairobi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la matibabu la The Lancet, watoto zaidi ya 500 wa shule za msingi za wilaya ya Kiambu wenye usaha sugu wa sikio waligawanywa katika makundi. Wengine walikaushwa masikio tu. Wengine walikaushwa na kupewa dawa za kuua vijidudu. Wengine hawakupewa tiba hiyo hadi baadaye. Baada ya majuma 16, usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 51 ya waliopewa dawa. Kwa waliokaushwa tu ilikuwa asilimia 22. Kwa wale ambao hawakutibiwa ilikuwa asilimia 22 vilevile.

Nawasihi wauguzi na wenye maduka ya dawa wa Kawangware wazisome nambari hizo mara mbili. Pamba peke yake ilikuwa sawa na kutofanya chochote. Aidha, watoto waliopewa dawa walisikia vyema zaidi kuliko wenzao. Hii ina maana kwamba tiba ya usaha ni tiba ya lugha pia, na kwamba mama anayeambiwa “ni sikio tu, litakauka lenyewe” ameambiwa uongo unaoweza kumgharimu mwanawe miaka miwili ya masomo.

Sasa mchukue mtoto huyo umtie darasani. Shule nyingi za mitaa hii ni za watu binafsi na za makanisa, zimejengwa kwa mabati, na ukuta kati ya darasa na darasa ni bati moja au hata pazia. Huku wanakariri alfabeti, kule wanaimba, nje fundi anachomelea milango, na mvua ikinyesha hata mtoto mwenye masikio ya paka hamsikii mwalimu. Mtoto mwenye upungufu hutegemea kumtazama mwalimu mdomo, na mwalimu huandika ubaoni huku akiwapa wanafunzi kisogo. Ajabu iko wapi mtoto akianza kuchezea kifutio, akamfinya jirani yake, akaitwa mtundu? Adhabu ya kiboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini kila anayeishi mitaani anajua kwamba marufuku hiyo haijafika kila mahali. Wapo watoto wanaochapwa kwa kosa la kuwa na usaha.

Msomaji atauliza: kipimo hicho ni kigumu kiasi gani? Si kigumu. Mwaka 1978 Mwingereza David Kemp aligundua kwamba sikio zima hurudisha mwangwi mdogo likipelekewa mlio, na kutokana na ugunduzi huo baadaye imewezekana kumpima mtoto wa siku moja akiwa usingizini, kwa kifaa kinachoshikwa mkononi, kwa dakika chache. Baadhi ya hospitali za kibinafsi hapa Nairobi huwapima hivyo watoto wanaozaliwa humo. Mtoto wa Lavington hupimwa na mtoto wa Kawangware hapimwi, ilhali mitaa hiyo miwili inapakana.

Na muda ndio kila kitu. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake katika jimbo la Colorado, Marekani, walichapisha matokeo yaliyobadilisha mtazamo wa wataalamu: watoto waliogunduliwa kabla ya kutimiza miezi sita, na wazazi wao wakasaidiwa mara moja, walikuwa na lugha bora kwa kiasi kikubwa kuliko waliogunduliwa baadaye. Tangu hapo kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni kupima kabla ya mwezi mmoja, kuthibitisha kabla ya miezi mitatu, kuanza msaada kabla ya miezi sita. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Sisi tunaungoja ukauke, kisha tunaupeleka kwa mkataji wa kimeo.

Serikali haikukosa kufanya lolote. Vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum vilianzishwa mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, ilianzishwa mwaka 1986. Lakini KISE iko Kasarani. Mama wa Kawangware anayefua nguo za watu kwa malipo ya siku sharti aabiri matatu hadi mjini, kisha nyingine hadi Kasarani, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na siku hiyo hapati kibarua. Akiambiwa arudi wiki ijayo, hatarudi. Huko ni kupima tu. Kifaa cha kusaidia kusikia ni hadithi nyingine. Bei yake humshinda, na hata akikipata kwa msaada wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu au wafadhili, betri zake huisha kwa wiki moja au mbili, na kile kipande cha kuingia sikioni hakina budi kutengenezwa upya kila sikio la mtoto linapokua. Nathubutu kusema kwamba wafadhili wanaokuja na masanduku ya vifaa, wakapiga picha na kuondoka, wangefanya hisani kubwa zaidi kama wangegharamia betri za miaka mitano.

Nilisema nitairudia habari ya mikono. Wazazi wengi, na baadhi ya walimu, huamini kwamba mtoto kiziwi akifundishwa ishara atakuwa mvivu wa kusema. Imani hiyo ni kongwe. Wakuu wa elimu ya viziwi waliokutana Milan, Italia, mwaka 1880 waliipitisha kama azimio, wakafukuza ishara madarasani kwa takriban karne nzima, na wenzao waliokutana Vancouver mwaka 2010 waliukana uamuzi huo hadharani. Ubongo wa mtoto hauna shida na mlango ambao lugha inapitia. Unachotaka ni lugha, mapema na kwa wingi. Mtoto akikosa ya kusikia na akanyimwa ya kuona, anabaki bila ya yoyote katika miaka ile ambayo ubongo umeandaliwa kuipokea, na pengo hilo halizibiki kwa urahisi hata akinunuliwa kifaa cha bei ghali akiwa na miaka minane. Kifaa na ishara viende pamoja, na mzazi asiambiwe achague.

Ieleweke pia kwamba Lugha ya Ishara ya Kenya si michezo ya vidole. Marehemu Profesa Okoth Okombo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanaisimu aliyefariki mwaka 2017, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba ina sarufi yake kamili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka dola kuikuza, na kifungu cha 120 kinaifanya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Kwa maneno mengine, mbunge anaweza kuhutubia taifa kwa lugha ambayo mama wa Kisumu Ndogo hajapewa nafasi ya kujifunza ili amwambie mwanawe “njoo ule.” Utafiti wa Marekani umeonyesha kwamba zaidi ya watoto viziwi tisa kwa kila kumi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Basi darasa la ishara lisipokuwa la wazazi, mtoto atapata marafiki shuleni na kuwa mgeni nyumbani. Katika Kibera yenyewe, kituo cha Little Rock kilichoanzishwa na Lilly Oyare mwaka 2003 kimewakusanya watoto wadogo viziwi na wanaosikia katika uwanja mmoja. Anayedhani jambo hilo haliwezekani mtaani kwa sababu ya umaskini aende akatazame.

Na tuliache neno bubu. Koo la mtoto kiziwi halina dosari. Tunamwita bubu kwa sababu hatukumpa lugha, kisha tunamlaumu kwa kukosa tulichomnyima.

Serikali ya kaunti, ambayo ndiyo yenye dhamana ya kliniki hizi tangu mwaka 2013, haihitaji kujenga hospitali mpya ili ianze. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambacho kila mama wa Kibera na Kawangware huchukua kliniki, tayari kina ukurasa wa hatua za ukuaji, na mojawapo ya hatua hizo ni mtoto kugeukia upande sauti inakotoka. Uzito hujazwa, chanjo hujazwa. Ukurasa huu hurukwa. Watoto huletwa kwa sindano ya ukambi na rubela katika mwezi wa 9, na tena katika mwezi wa 18. Muuguzi ambaye tayari amemshika mtoto amwulize mama maswali manne: Je, hugeuka ukimwita bila ya kukuona? Anabwabwaja kwa silabi? Amepata kutokwa na usaha? Alilazwa kwa ugonjwa mkali alipozaliwa? Kisha amwashie kile kifaa cha dakika chache, na mtoto ambaye mwangwi haukurudi apewe barua pamoja na nauli ya kwenda Kasarani. Nauli hiyo iandikwe katika makadirio ya fedha ya kaunti, mstari wake peke yake, ili mwaka ukiisha tuulize ilitumika kwa watoto wangapi.